Umeme wa 20,000 hauvuki siku nane: je, mita inakimbia?

*"Tunaishi Tabata, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, mita yetu wenyewe. Siku zote nikinunua umeme wa 20,000 tunakaa nao wiki mbili. Tangu mke wangu ajifungue wiki tatu zilizopita, 20,000 haivuki siku nane. Hatujaongeza kifaa hata kimoja. Tuna friji ya mtumba, televisheni na king'amuzi, feni mbili, birika la umeme, pasi, na hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo ambayo tunayo siku nyingi ila tulikuwa tukiitumia kwa nadra. Mama yangu amekuja kumkanda mke wangu, anachemsha maji asubuhi na jioni, kama dakika arobaini kila mara. Nimeanza kuzima friji usiku, taa ya nje siwashi tena, feni nazima saa sita usiku, lakini sioni tofauti zaidi ya mtoto kulia kwa joto. Jirani akinunua umeme wa 5,000 anapata uniti 41, mimi napata 14. Tena mwezi huu nilinunua wa 20,000 tarehe mosi nikapata uniti chache kuliko nilizopata wiki iliyofuata kwa hela ileile. Nahisi mita inakimbia. Kuna kijana anauza kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, anasema kinapunguza matumizi kwa nusu. Ninunue? Au nimwambie mama aache kutumia hita?"*

Hongereni kwa mtoto, mdogo wangu. Kabla sijaeleza lolote, naomba leo usiku uiache feni izunguke mpaka asubuhi, friji usiizime, na taa ya nje uiwashe. Kuvibana hivyo vitatu hakukuokolei chochote cha maana, na mnateseka bure. Kifaa cha yule kijana usinunue. Na mama usimwambie aache hita. Kuna mambo mawili matatu ya kumwomba, nitayafikia, lakini kuacha siyo mojawapo.

Nianze na jirani, maana hapo ndipo watu wengi wanapoanza kuishuku mita. Wewe na yeye hamko kwenye kundi moja la bei. Nyumba zinazotumia umeme mdogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100. Matumizi ya kawaida, ambako upo wewe, uniti ni shilingi 292. Juu yake huongezwa VAT asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa hiyo wewe unalipa kama shilingi 356 kwa uniti na jirani yako 122. Gawa 5,000 kwa kila bei utapata uniti zilezile ulizoandika, 14 kwako na 41 kwake. Usimwonee wivu sana: akivuka zile 75, kila uniti ya ziada inauzwa 350 kabla ya makato, ghali kuliko yako. Ninyi hata kabla ya mtoto mlikuwa mnatumia kama uniti 120 kwa mwezi, kwa hiyo kundi lile si lenu.

Ya tarehe mosi nayo ina maelezo. Ni kodi ya jengo. Kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja hukatwa shilingi 1,500 kila mwezi kwenye manunuzi ya kwanza, na mwezi ukipita hujanunua umeme, deni linakusubiri. Ndiyo maana 20,000 ya kwanza ilikupa kama uniti 52 na ya pili ikakupa 56. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, wewe umepanga tu, kwa hiyo zitunze zile risiti za LUKU ukaongee naye wakati wa kulipa pango. Kununua kidogo kidogo au kwa mkupuo hakubadilishi bei ya uniti kwa mtu wa kundi lako.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Unasema hamjaongeza kifaa hata kimoja, na ni kweli. Ila mita haihesabu vifaa. Inahesabu nguvu ya kifaa ikizidishwa na muda kilipowaka. Uniti moja ni wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa moja. Feni ya wati 60 itazunguka zaidi ya saa kumi na sita ndipo imalize uniti. Hita ya ndoo ya wati 1,500 inaimaliza kwa dakika arobaini.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Kwa sababu kuzalisha joto ni kazi nzito kuliko zote unazoweza kuupa umeme nyumbani, na maji ni mkaidi kupata joto. Kuyatoa maji lita 10 kwenye joto la bomba, nyuzi kama 27 hapo Dar es Salaam, mpaka yachemke, kunahitaji karibu uniti 0.85 hata kama hakuna joto linalopotea. Ongeza linalopotea pembeni ya ndoo na juu kwa mvuke, umefika uniti moja. Hakuna hita ya ajabu itakayoyachemsha kwa nusu ya hapo, kwa sababu kiasi hicho kinadaiwa na maji yenyewe. Basi ukitaka kujua umeme wa nyumba yoyote unaishia wapi, anza na vitu vinavyotoa moto: hita, birika, pasi, jiko la koili, bafu la maji moto. Kisha angalia friji, au kiyoyozi kama kipo. Vingine vyote vinafuata kwa mbali, na chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu ni ya mwisho kabisa.

Tupige hesabu ya kwako. Zamani: uniti 56 kwa siku kumi na nne, sawa na uniti 4 kwa siku. Sasa: uniti 56 kwa siku nane, sawa na uniti 7. Tunatafuta uniti 3 za ziada kila siku. Hita dakika arobaini mara mbili, uniti 2. Birika, na hapa nakisia kwa kuwa hukuandika: nyumba yenye mtoto wa wiki tatu ina wageni wa kumwona mtoto, chai haikauki, mzazi anahitaji maji ya moto, vyombo vya mtoto vinaoshwa. Birika lililojaa, lita 1.7, ni kama uniti 0.17 kila linapochemka. Mara nne zaidi kwa siku ni uniti 0.7. Pasi ya nguo za mtoto kila siku, tuseme 0.3. Feni ya pili, ya chumba alicholala mama, 0.2 kwa saa chache ulizoiachia. Jumla yake 3.2. Umeuliza ziko wapi, ndiyo hizo. Mita yako haikimbii, imeandika kwa uaminifu kwamba nyumbani kuna mzazi.

Na ulivyovibana vingekuokolea nini? Feni ya wati 60 kutoka saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni shilingi 128. Taa ya LED ya wati 9 nje usiku kucha haifiki shilingi 40. Kwa bei hiyo mmekaa gizani na kichanga kwenye joto la Dar. Iwasheni.

Friji nieleze zaidi kidogo, maana kuizima usiku ni ushauri unaopewa kila mtaa. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka ndani na kulitupa nyuma. Ukiizima, joto la jikoni linaendelea kuingia taratibu kupitia kuta na mpira wa mlango. Asubuhi ukiiwasha, kompresa inafanya kazi mfululizo kulitoa joto lote lililoingia. Unachookoa ni kidogo sana, na unachohatarisha ni mboga, nyama na maziwa ya nyumba nzima. Friji inapaswa kukaa kwenye nyuzi 4 hivi usiku na mchana.

Lakini friji ya mtumba inaweza kuwa na maradhi mengine, na hayo ndiyo ya kuangalia. Chukua noti, ibane kwenye mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka, na joto linaingia saa zote. Jaribu pande zote nne. Mpira hubadilishwa, na fundi friji yeyote mzuri anajua kuupata au kuukata kwa kipimo. Kama juu kwenye friza barafu imezidi unene wa kidole, iyeyushe, maana barafu nene inakuwa blanketi kati ya ubaridi na chakula. Ivute friji mbali na ukuta, upana wa kiganja unatosha, na isikae jirani na jiko. Futa vumbi kwenye zile nondo nyembamba za nyuma. Sufuria la maharage ya moto lipoe kwanza ndipo liingie.

Je, ubadilishe friji kabisa? Pima kwanza. Friji chakavu huweza kula uniti 2 au zaidi kwa siku, wakati mpya ndogo yenye kompresa nzuri hula chini ya uniti 1. Tofauti ya uniti 1.3 kwa siku ni kama shilingi 14,000 kwa mwezi. Kwa friji ya laki sita, utarudisha hela yako baada ya miaka mitatu na nusu. Kwa mtu mwenye kichanga cha wiki tatu, sidhani kama huo ndio mzigo wa kubeba sasa hivi. Mpira wa mlango kwanza.

Kifaa cha soketi. Ndani ya vile vidude kuna kapasita ndogo na taa ya kijani. Kapasita ina kazi yake halali: kwenye viwanda vyenye mota kubwa, hutuliza ule umeme unaokwenda na kurudi kwenye waya bila kufanya kazi, kwa kuwa viwanda hutozwa kwa mizigo ya namna hiyo. Mita ya nyumbani haikutozi kwa huo. Inahesabu kazi iliyofanyika tu, yaani joto la maji, mzunguko wa feni, baridi ya friji. Kwa hiyo hata kapasita ikifanya kazi vizuri kabisa, inakurekebishia kitu ambacho hukuwahi kukilipia. Na maji ya mama yatadai uniti ileile. Vingi vya vifaa hivi havina kinga ya kueleweka, na mimi nimeshavikuta vimeyeyuka kwenye soketi.

Maji ya moto, basi. Mzazi kukandwa kuna siku zake, na arobaini ikipita ile hita itarudi kabatini yenyewe. Zimebaki siku kama ishirini. Kwa uniti 2 kwa siku, ni shilingi 14,000 hivi. Naona ni bei ndogo kwa mama kusafiri na kuja kumhudumia mkeo. (Ukali wa maji hayo, hasa kama mkeo alijifungua kwa upasuaji, mwulizeni muuguzi wa kliniki. Hiyo si fani yangu.)

Lakini upo upotevu wa kuondoa bila kumnyima mtu kitu. Chunguza kwanza ni maji kiasi gani yanabaki kwenye ndoo baada ya shughuli. Yakibaki lita tatu, mama achemshe saba badala ya kumi, umeokoa karibu theluthi. Pili, maji yakishaanza kutokota, zima. Maji yanayotokota hayaongezeki moto hata kidogo, kila dakika ya ziada ni mvuke unaoulipia. Dakika arobaini imekuwa mazoea, na ukikaa karibu siku moja utaona pengine yanatokota kabla dakika hizo hazijaisha. Tatu, lifunike eneo la ndoo linalobaki wazi.

Nne, na hili nalipenda kuliko yote: liachie jua lifanye kazi. Jaza maji kwenye ndoo nyeusi yenye mfuniko au dumu lililopakwa rangi nyeusi, liweke uani kwenye sakafu ya saruji kuanzia asubuhi. Kufikia saa tisa alasiri siku ya jua kali, maji yanakaribia nyuzi 40. Hayo ya kumwogesha mtoto hayahitaji umeme kabisa, pima kwa kiwiko kama wanavyopima akina mama, na mara nyingine utalazimika kuyapoza. Yakitangulia kuota jua, hata maji ya kukandia ya jioni yanapunguza kama sehemu moja ya sita ya umeme.

Kuhusu birika, nunueni chupa ya chai ya pili kama mnayo moja. Chemsheni asubuhi, jazeni zote mbili. Kinachokula ni kuchemsha birika zima kwa ajili ya kikombe kimoja mara kumi kwa siku.

Najua kuna atakayekwambia hamia kwenye gesi. Fanya hesabu kabla ya kumsikiliza. Kilo moja ya gesi ina nishati kama uniti 12.8, lakini kwenye jiko karibu nusu yake inapita pembeni ya sufuria. Mtungi wa kilo 15 unakupa joto la kweli la uniti 105 hivi ndani ya maji. Joto hilohilo kwa birika au hita, ambazo hupoteza kidogo tu, lingekugharimu kama 43,000. Ukiwa unanunua mtungi huo kwa zaidi ya hapo, basi kwa kuchemsha maji umeme ndio nafuu. Kwa chapati au kukaanga, gesi ina raha yake, hilo sibishani. Mkaa unaweza kuwa rahisi mfukoni, lakini nakusihi: jiko la mkaa lisiingie kamwe chumbani au kwenye korido iliyofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na kichanga hawezi kukwambia kichwa kinamwuma.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako si bei ya hita, ni hita yenyewe. Anayeitumia ni mama, sakafu ya bafuni huwa na maji, na pengine anaupima moto wa maji kwa kidole. Mwelekeze hivi: ndoo iwe ya plastiki, hita itumbukie mpaka alama yake kabla ya kuwasha, na kabla ya kugusa maji azime swichi ya soketi *na* achomoe plagi. Vyote viwili, kila siku. Akiichomoa akiwa amevaa ndala na mikono mikavu, ni vizuri zaidi. Isiachwe peke yake, maji yakipungua chini ya koili inaungua na kuyeyusha ndoo.

Pasi usiache. Hapa Pwani kuna inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi laini ya mtoto. Pasi ya moto pande zote, hasa mishono, ndiyo kinga. Ila nguo za siku tatu zipigwe pamoja: pasi hula sana inapoanza kupata moto, ikishapata inajizima na kujiwasha yenyewe. Na zianikeni kwenye jua kali, si kivulini.

Bado una shaka na mita? Ipime mwenyewe, ni dakika tano. Teremsha breka zote lakini uache meini swichi. Taa ndogo nyekundu ya mita haitakiwi kupepesa, iwe imezimika au imewaka tu bila kukonyeza. Kisha rudisha breka ya soketi, chomoa kila kitu, washa birika lililojaa peke yake na uhesabu mikonyezo kwa dakika moja. Kwenye uso wa mita pameandikwa mikonyezo mingapi ni uniti moja. Ikiwa ni 1,000, birika la wati 2,000 litakonyeza kama mara 33. Ikiwa 1,600, mara 53. Umeme wa mtaani ukiwa mdogo utahesabu pungufu, hiyo kawaida. Ukihesabu mara mbili ya hapo, andika namba zako na uzipeleke TANESCO, waombe waje waipime. Usiifungue mita wala usiguse lakiri yake, na usimruhusu fundi yeyote "kuichepusha".

Mita ikikonyeza wakati breka zote ziko chini, kuna waya umeungwa kabla ya breka, au umeme unavuja. Niliwahi kuitwa nyumba ya kupanga ambayo waya wa kibanda cha nyuma ulikuwa umepita darini na kuungwa kwa mpangaji wa mbele, na mwenyewe amelalamikia mita karibu mwaka. Hapo unahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba awepo, kwa sababu nyaya baada ya mita ni zake, si za TANESCO.

Na usisubiri kipimo chochote ukiona haya: soketi ya hita inakuwa ya moto au imegeuka rangi ya kahawia, kuna harufu ya plastiki inayoungua, taa zinafifia kila hita inapowashwa, au friji au bomba linakupiga shoti ndogo unapoligusa. Zima meini swichi, mwite fundi siku hiyohiyo aangalie erthi na maungio, na mwambie akufungie ile swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, kama haipo. Mpaka atakapomaliza, maji ya mama yachemke jikoni kwa gesi.